Paa Refu la Kuku

4 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na vifaranga wako wote wa hapo chuoni. Huku hatujambo, ukiondoa joto ambalo mwaka huu limekuja mapema kama mgeni asiyealikwa, na dalili za kuondoka hana. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema kile kitenge kimemkaa vizuri, kilichobaki ni kutafutiwa mahali pa kukivaa. Watoto wanamuulizia shangazi yao. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, akiongea anatoa upepo kama tairi lenye pancha, nami fundi baiskeli mzima sina kiraka cha kumsaidia.

Baba mzima. Hana neno. Anakula, anatembea, anagomba. Kwa kifupi ni mzima.

Ningekupigia simu, lakini unamjua mzee wako. Akisikia sauti yako tu ananipokonya, na simu ikishafika mkononi mwake kila kitu duniani ni kizuri. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, nikamwomba kondakta wa basi akufikishie.

Shida yangu ni kuku. Baba anataka banda liezekwe upya, na ua wa wavu uliopo mbele yake nao uwekewe paa. Lile turubai tulilotandika zamani limechanika, na yale mabati ya kutu yaliyobaki ndiyo yanayotumaliza. Ikifika saa sita kuku wote wanahema midomo wazi, mbawa wameziachia pembeni kama makoti yaliyowakwaza. Wawili wamekufa mchana kweupe, na ugonjwa hawakuwa nao. Wewe ndiye bingwa wa kuku katika ukoo huu, kwa hiyo tuambie: nyasi, bati jipya, turubai, au ule wavu mweusi wa kivuli wanaouza madukani? Baba ana masharti yake. Anataka paa liwe juu, mtu aingie bila kuinama. Anataka pia upande mmoja wa ua uwe na kivuli kuanzia asubuhi mpaka jioni, kipana kiasi cha kuweka benchi. Usiniulize kwa nini. Wazee wana mambo yao.

Na wewe unakuja lini? Tangu tulipomzika Mama, ukamwezekea Baba nyumba kwa bati, ukapanda basi, hujatukanyagia. Wifi yako anasema tumekukosea. Nimemwambia hapana, ni kazi.

Mdogo wako,
Spoki

19 Septemba

Spoki, mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Wanafunzi wapya wamefika, na nusu yao wanamwogopa jogoo. Kuna mmoja ana kifua kama mlango, lakini juzi tumemkuta amepanda juu ya debe la chakula, anaomba msaada. Nimecheka mpaka nikaona aibu. Msalimie wifi, mwambie kitenge hakingoji sherehe, hata kwenda kisimani kinavaliwa. Mbusu huyo mwenye pancha.

Sasa kuku. Sikiliza vizuri, maana wewe ukisikia nusu unakimbilia nyundo.

Kuku hatoi jasho. Joto lake lote linatokea mdomoni, ndiyo maana ukiona anahema ujue ameanza kushindwa. Jua likipiga bati tupu, bati halikupi kivuli, linapokea joto na kukushushia mgongoni. Hilo nawaimbia wanafunzi kila mwaka: bati tupu juu ya kiumbe hai ni kikaango kilichofunikwa juu chini. Msinunue bati jipya, hata kama fundi atawaambia ni la kisasa.

Turubai ni baya zaidi. Linashika joto chini yake na halipumui, na upepo wa kwanza wa maana unalipasua. Wavu wa kivuli unafaa kwenye ua peke yake, maana mvua inapita. Nyasi ndizo baridi kuliko vyote, ila zina lawama zake: panya wanazipenda, utitiri unajificha humo na usiku unashuka kunywa damu ya kuku, na cheche moja inamaliza kila kitu. Kama mtaezeka kwa nyasi, ziwe zimekauka sawasawa, mzipange nene, paa liwe na mwinamo mkali ili maji yasituame. Fito za kulalia kuku ziwe mbali na nyasi. Kileleni acheni mwanya, joto lipande litoke, halafu mwanya mfunike kwa kikofia kidogo mvua isiingie. Upenu utoke nje sana. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi. Kwenye ua, pandeni kitu cha kutambaa upande wa magharibi, boga au karakara, ndiyo kivuli kisicho na gharama.

Juu kiasi cha mtu kusimama ni sawa, hewa inapita na kufagia ni rahisi. Lakini Baba amezidisha. Kuku hawavai kofia. Na benchi la nini? Mwambie asikae humo muda mrefu, vumbi la kinyesi si rafiki wa kifua.

Na nyumba je? Bati langu linang'aa bado? Wakati mwingine nikiwa darasani nafikiria Baba amelala chini ya paa lisilovuja, moyo unatulia.

Ni mimi dada yako

12 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani kondakta aliifanya sahani. Tumeisoma yote. Wifi yako amevaa kitenge kwenda kisimani kama ulivyoagiza, akarudi analalamika kwamba hakuna aliyemwona. Meno ya mdogo yameanza kuota, sasa anang'ata kila kitu, hata kiti cha baiskeli ya mteja.

Banda limekwisha. Tumeezeka kwa nyasi, kilele kina mwanya na kikofia, upenu umetoka mpaka unaweza kuanika nguo chini yake mvua ikinyesha. Baba alisimamia kila fungu la nyasi. Fundi alimwambia, "Mzee, hawa ni kuku, si wakwe." Baba akamjibu, "Wewe funga kamba." Kwenye ua tumepanda karakara, imeshaanza kushika wavu. Kuku hawahemi tena, na mayai yamerudi. Jogoo tuliyempa cheo cha Mwenyekiti amehamia kilele cha benchi, anatuhutubia kutwa.

Umeuliza bati. Linang'aa. Mtu akipita barabarani mchana lazima akunje uso. Watu wote wanalisifu, na Baba anapenda wakisifu warudie.

Nina swali dogo, si letu, ni la rafiki yangu mmoja pale kijiweni. Anauliza, mtu akikaa bandani kwa kuku siku nzima, tuseme na usingizi wa mchana akalala humohumo, anaweza kupata madhara gani kifuani? Na kama yapo, chini atandaze nini, maranda au mchanga? Pia anauliza fito za kuku ziwe mbali kiasi gani na benchi, mtu asije akachafuliwa. Jamaa ana maswali mengi kama mtoto.

Likizo yako ya mwisho wa mwaka ipo? Baba haulizi, lakini kila basi la jioni likipiga honi anainua kichwa.

Mdogo wako,
Spoki

23 Novemba

Spoki,

Marahaba. Nimekuweka muda mrefu, na sina sababu ya kukuambia. Kulikuwa na mitihani, kulikuwa na vifaranga wapya, lakini hata hivyo usiku wa kuandika barua haukukosekana. Barua yako nimekuwa nayo kwenye mfuko wa koti la kazi. Nikishaisoma naikunja, kesho naisoma tena.

Maranda, si mchanga. Yabadilishwe kila yakilowa. Hayo ni ya rafiki yako.

Sasa nijibu mimi. Mimi nimefuga kuku tangu ujana wangu, sijaona mtu anayepima umbali wa fito na benchi ili asichafuliwe akiwa usingizini. Rafiki yako huyo hana jina? Hana nyumba? Niliruka maneno yako kwa makusudi nilipoyasoma mara ya kwanza. Nilijifanya sikuyaona, kwa sababu nikiyaona itabidi niulize, na nikiuliza utanijibu.

Nauliza. Nani analala na kuku?

Dada yako

2 Desemba

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, unisamehe. Wifi na watoto wazima.

Ni Baba.

Alianza mwezi uleule ulipoondoka. Siku za kwanza alisema kuna kicheche anawinda mayai, ngoja amvizie. Nikaamini. Kicheche hakuonekana, mzee akabaki. Akimaliza chai ya asubuhi anabeba kiti, anaingia uani kwa kuku, na harudi nyumbani mpaka jua limekufa kabisa na bati limepoa. Siku nyingine bati halipoi, basi analala hukohuko. Dada, ile nyumba saa nane mchana huwezi kushika kitasa cha mlango. Ukuta wenyewe unahema. Ulisema dari litafuata, halikufuata, na wala sikulaumu, maana nami sikulifuatilia.

Nilimwambia aje kwetu. Alikuja akakaa siku mbili, akaona watoto wamehamia sakafuni kwa ajili yake, akarudi. Nilimwambia basi tuweke nyasi juu ya bati. Hapo alinikasirikia kama sijawahi kumwona. Akasema, "Watu wakiona nyasi juu ya bati watasema paa la binti yangu limeshindwa. Mtoto akikuvika koti, hulivui mbele za watu hata kama linakubana." Akaniapisha nisikuambie. Mimi nikaapa. Nilichoweza ni kukuuliza habari za kuku, ili akipata paa zuri, awe amelipata bandani. Lile benchi ni lake. Ule urefu ni wa kichwa chake.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niamue kuvunja kiapo hata kabla barua yako haijafika. Wiki tatu zilizopita wazee wenzake watatu walikuja kumtembelea. Hakuwapokea uani. Aliwaingiza ndani ya nyumba, saa ya jua kali, akavaa lile koti lake zito, akawakalisha chini ya bati. "Karibuni muone binti yangu alivyonifanyia." Wageni wanajipepea kwa kofia, yeye anawaeleza misumari ilivyo mirefu. Mmoja akasema, "Tukapate upepo nje." Baba akamwambia, "Nje kuna nini? Kaa." Waliposimama kuaga aliwasindikiza mpaka kizingitini, akaanguka pale pale.

Tulimkimbiza zahanati kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nakanyaga, wifi yako anamshika mgongo. Walimtundikia maji. Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka, na moyo wa umri ule hauwezi kuwekwa tena kwenye joto la namna hiyo. Akanionya: safari ya pili huenda tusimuwahi. Kisha akamgeukia Baba, "Mzee unakaa nyumba gani?" Baba, na sindano mkononi, akajibu, "Ya bati. Nzuri kabisa."

Sasa amerudi, amedhoofika, anakohoa, na amerudi uani. Nami nashindwa kula vizuri. Kwa sababu nikuambie ukweli wote: siku fundi anapigilia bati la mwisho, mimi ndiye niliyekuwa nashika ngazi. Mimi nafanya kazi chini ya bati, joto lake nalijua. Nilitaka kusema. Lakini majirani walikuwa wamejaa wanakusifu, Dada hivi, Dada vile, na kwa habari ya aliyebaki hapa kila siku hakuna aliyefungua mdomo. Nikasema moyoni, acha waone wenyewe. Aliyeona ni Baba.

Ukitaka kunitukana, nitukane.

Spoki

9 Desemba

Mdogo wangu,

Sina la kukutukania. Mara hii usinisalimie, nisikilize tu.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda kwenye mabanda. Tuna kuku wengi hapa, na hakuna hata mmoja anayelala chini ya bati tupu. Nisingekubali. Kuna siku nilimfokea mkuu wa chuo mbele ya watu kwa sababu alitaka kuniletea bati bila dari, nikamwambia huo ni ukatili. Huyohuyo mimi nilirudi nyumbani, nikamwezekea baba yangu mzazi kile ninachowakataza wanafunzi kumwekea kuku. Si kwamba nilisahau. Ninaona haya kuliandika, lakini nitaliandika: sikumfikiria Baba hata kidogo.

Unakumbuka zile nyasi za zamani? Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa jiko la Mama. Baada ya mazishi nililala mle ndani, na usiku nyasi zilinuka yeye. Zilinuka kama anapika asubuhi. Kila nikipitiwa na usingizi nilisikia kama ataita, nikaamka. Sikuweza. Ndipo nikaita mafundi, nikawaambia wafanye haraka, wasingoje dari. Waliezua, wakazirundika nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe nikaziwasha. Kila mtu nilimwambia ni kwa ajili ya Baba, alale pasipovuja. Baba alisimama akizitazama zinavyoungua, akasema, "Asante, mwanangu." Nilifikiri anashukuru.

Kila barua unaniuliza nakuja lini, na kila barua naliruka. Nilidhani harufu ikiondoka nitaweza kuingia mle. Sasa imeondoka, na ndiyo siwezi kabisa.

Lakini habari ya leo si mimi. Baba hapaswi kurudi kwenye joto lile, na kulala bandani hapaswi pia. Lazima nyumba ipoe. Na unavyomweleza, hatakubali nyumba ipozwe kwa sababu yake, maana itakuwa ni kunitia mimi aibu. Basi tufanye iwe kwa sababu yangu. Nimeandika karatasi ya pembeni. Msomee hiyo peke yake, kwa sauti, na hii nyingine uifiche. Najua ni uongo juu ya uongo. Sijapata njia safi, na joto halitungoji tuipate.

Wewe na fundi mfanye hivi. Msiguse bati. Laza fito juu yake, juu ya fito weka fito nyingine za kukatiza, ili kati ya bati na nyasi pabaki nafasi ya shubiri moja, upepo upite humo. Nyasi zishonwe kama mikeka, zifungwe kwa waya, zisije zikapeperuka. Pale juu kwenye pembetatu za ukuta toboeni matundu mawili, moja kila upande, myazibe kwa wavu. Ndani tandikeni dari la mikeka. Kuta za nje zipigwe chokaa nyeupe. Kikaango hakitakuwepo tena.

Dada yako

(Ya kumsomea Baba)

Baba yangu, shikamoo. Natumaini hujambo na kuku hawajambo. Mimi nina tatizo la kazi, na nimefikiria sana ni nani wa kunisaidia, nikakuona wewe. Chuo kinataka kujua kama nyasi zikiwekwa juu ya bati joto linapungua kiasi gani, tuwafundishe wafugaji wenye mabanda ya bati. Nahitaji nyumba ya kufanyia majaribio. Iwe ya bati lililopigwa vizuri, lisilovuja, na mwenye nyumba awe mtu makini wa kutoa taarifa. Ya kwako ndiyo ninayoiamini. Najua ni usumbufu, na najua bati utalificha. Ukikataa nitaelewa. Binti yako.

20 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Sote tuko salama. Mvua imenyesha mara moja, haikutosha hata kulowesha mdomo wa jogoo. Mwenye pancha ameshapata meno yote, sasa anajisifu kwa kung'ata maganda ya miwa. Wifi yako anakukumbatia.

Nilimsomea Baba ile karatasi uani, Mwenyekiti akiwa amekaa kwenye goti lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia hapo pa kupima joto." Nikarudia. "Watapima kwa nini?" Nikamwambia kipimajoto kitaletwa. Hakuna kipimajoto, Dada, huo uongo ni wa kwangu, usibebe wewe. Alinitazama mpaka nikaanza kukagua vidole vyangu vya miguu. Mwishowe akasema, "Kama ni kazi yake, tumsaidie. Mtoto hasaidiwi na majirani."

Tumefanya kama ulivyoandika, kila kitu, mpaka ile shubiri ya nafasi. Fundi alipima kwa shubiri yake, Baba akasema mkono huo ni wa mtoto, akapanda ngazi mwenyewe apime kwa wake. Nusura nizirai mimi badala yake. Majirani walikuja kutazama. Yule mama wa duka akauliza, "Mzee, mbona mnarudi kwenye nyasi?" Baba akamwambia, "Huu ni utafiti. Binti yangu anafundisha vyuoni." Sasa mtaa mzima unajua wewe ni mtafiti, na wawili wameshaniuliza kama nyumba zao nazo zinaweza kuteuliwa.

Na imepoa, Dada. Sijui nikuelezeje. Saa nane mchana unaingia unahisi umenawa uso. Wifi yako alikwenda kumpelekea chakula, akakaa kidogo, akapitiwa na usingizi kwenye mkeka mpaka jioni, kitenge na vyote. Baba mwenyewe alilala ndani. Kifua kimeacha kukohoa. Daktari alimpima akasema moyo umetulia. Nilimshukuru Mungu nikasema yamekwisha, sasa na mimi nitakula.

Juzi asubuhi nimepita kabla ya kufungua kijiwe. Kitanda kimetandikwa, nyumba baridi, hakuna mtu. Nikaenda uani. Yuko palepale, chini ya karakara, anawamwagia mtama.

Nikamwambia, "Baba, joto limekwisha."

"Najua. Limekwisha kabisa. Dada yako anajua kazi yake."

"Sasa huku unafuata nini?"

Aliendelea kumwaga mtama. Kisha akasema, "Joto lilikuwa linanisaidia. Mtu akipita akaniuliza, mzee mbona hukai kwako, namwambia joto. Naye anasema kweli, joto mwaka huu limezidi, anakwenda zake. Sasa kumepoa. Akiniuliza tena nimwambie nini?"

Nikakaa.

Akasema, "Mle ndani nikiona wingu nataka kumwambia mtu mvua inakuja. Nageuka, sioni mtu. Huku nikisema, hata kuku wanageuza shingo."

Dada, sisi tulidhani anavumilia bati lako. Kumbe alikuwa amejificha nyuma yake. Na sisi kwa akili zetu zote tumempoza nyumba, tukamnyang'anya hata kisingizio.

Nilipoinuka kuondoka aliniita. Akaniambia, "Mwandikie dada yako majaribio yamefaulu, apeleke taarifa chuoni. Haya mengine usimwandikie. Ana kazi nyingi."

Nilimwitikia ndiyo, Baba. Nimekuandikia yote.

Mdogo wako,
Spoki